Geji Haipozi Injini

Sisi Walutheri hujifunza Amri Kumi kabla ya kujifunza Imani. Ndivyo Martin Luther alivyoipanga Katekisimu Ndogo mwaka 1529: kwanza Amri, kisha Imani, kisha Sala ya Bwana. Chuo cha theolojia kilitufundisha sababu za mpangilio huo, nasi tukaziandika kwenye karatasi za mtihani na kufaulu. Lakini hapa Ngana, katika nchi ya chini ya Kyela, tulizielewa kwa namna nyingine, tukiwa tumeinama pamoja na fundi mbele ya dashibodi ya gari la usharika.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Wazee wanaokumbuka mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki hututania kwamba gari letu si Datsun 240Z, lile lililoshinda mwaka 1971 na tena 1973. Ni kweli, letu halikimbii. Hubeba mpunga wa sadaka ya mavuno, hubeba kwaya, hubeba majeneza, na usiku hubeba wagonjwa. Kwa sababu ya wagonjwa hao, geji zake si mapambo.

Gari lilipokabidhiwa kwetu, mishale miwili ilikuwa imelala: wa mafuta na wa joto la injini. Mafuta yalipimwa kwa kijiti, na hakuna aliyeona shida. Mshale wa joto ulikaa upande wa baridi mwaka mzima, jua au mvua, tambarare au mlima. Madereva waligeuza jambo hilo kuwa sifa. Walisema injini ya Mwingereza haijui joto. Taa nyekundu ya oili nayo haikuwahi kuwaka hata siku moja, nasi sote tukahesabu kimya chake kuwa habari njema.

Anayetoka Kyela kwenda Tukuyu anapanda takriban mita 1,000 kutoka usawa wa ziwa. Usiku mmoja wa masika tulikuwa tukipandisha mama mmoja wa usharika wetu, mtu mzima, aliyekuwa amezidiwa. Katikati ya mlima mvuke ulitoka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mshale bado ulisema baridi. Tulisimama kando ya migomba, tukasubiri injini ipoe, tukateka maji ya mfereji kwa kidumu. Mama alilala kwenye benchi la nyuma, na kila baada ya muda aliuliza, "Tumefika?" Tulimjibu kwamba bado kidogo. Alifika, akatibiwa, akarudi nyumbani. Lakini tulijua kwamba saa ile tuliyokaa gizani ingeweza kuwa ndiyo saa yake ya mwisho.

Juma lililofuata fundi alikuja. Ni mzee, nasi humwita Tata. Kwanza alitoa waya wa betri, kwa maana nyuma ya dashibodi nyaya hukaa karibu karibu na cheche moja yatosha kuunguza zote. Akafungua skrubu za kasha la geji, akalivuta taratibu kuelekea usukani, akaingiza mkono nyuma na kufungua kebo ya spidomita kwa vidole. Kabla ya kuchomoa waya wowote aliufunga kipande cha tepu na kukiandika namba. "Kufungua ni rahisi, Baba Mchungaji," alisema. "Kazi ni kurudisha kila kitu kwao."

Tulitazamia afungue geji zenyewe, maana ndizo zilizokufa. Hakuzigusa. Alisema geji mbili zikifa pamoja, usizilaumu geji; tafuta kinachozilisha zote mbili. Nyuma ya spidomita kuna kifaa kidogo cha bati, stabilaiza, ambacho hupokea umeme wa betri unaopanda na kushuka, kikautuliza kuwa kama volti 10 na kuupeleka kwenye geji ya mafuta na geji ya joto. Chetu kilikuwa kimeungua ndani. Kingine kilipatikana kwenye gari bovu huko Mbeya, nacho kikawekwa.

Kisha akafika kwenye taa ya oili. Sote tulidhani balbu imeungua. Haikuwa imeungua. Haikuwepo. Mtu fulani, miaka mingi kabla gari halijafika kwetu, aliichomoa na kuzungushia tepu kishikizo chake ili kisigonge. Ilifanywa kwa ustadi. Pengine taa ilimsumbua safarini, na oili ilikuwa ghali. Tata alitufundisha kwamba ukiwasha swichi kabla ya kuwasha injini, taa ile lazima iwake, kisha izimike injini ikishaunguruma. Taa isiyowaka kabisa haisemi kwamba gari ni zima. Haisemi chochote.

Tulimkumbuka mfalme Ahabu katika 1 Wafalme 22. Alikuwa na manabii wapatao 400 waliomwambia apande Ramoth-Gileadi, na mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, aliyeona maafa. Ahabu hakuwa na hoja ya kumjibu Mikaya. Alimchukia tu kwa sababu hakumtabiria mema, akaagiza atiwe gerezani, akaenda vitani. Hakurudi. Balbu ya Ahabu haikuungua; aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe.

Geji ziliporudishwa, furaha yetu haikudumu hata nusu saa. Katika kilima cha kwanza mshale wa joto uliinuka, ukapita katikati, ukaelekea kwenye nyekundu. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu na matope. Ilihitaji kutolewa na kuzibuliwa, na mipira yake kubadilishwa, na fedha pekee iliyokuwepo ilikuwa ya mabati ya kanisa la mtaa wetu mmoja.

Kikao cha wazee wa kanisa kilikuwa kirefu. Mzee mmoja, mtu mwema na mtoaji, alisema, "Baba Mchungaji, gari hili lilikuwa zima mpaka fundi alipolifungua." Mwingine akashauri waya wa geji uchomolewe hadi mavuno ya mpunga, ili watu wasiogope kupanda. Mama mtunza hazina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lilikuwa kimya, Tata. Halikuwa zima." Hakuongeza neno. Rejeta ilitengenezwa. Watu wa mtaa ule walisali chini ya mabati yanayovuja msimu mmoja zaidi, na kila tulipokwenda kwao walituonyesha ndoo zilizopangwa sakafuni. Walikuwa na haki ya kutuonyesha. Ukweli una gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyepiga kura.

Sasa turudi kwenye Katekisimu. Sheria ya Mungu ni geji. Inatuambia hali ya injini ilivyo, si tunavyopenda iwe. Ndiyo maana huja kwanza. Mtu asiyejua kwamba anachemka hatatafuta maji. Lakini hapa ndipo mahubiri mengi yanapokosea njia: geji haipozi injini. Unaweza kuisafisha kioo, kuitilia balbu mpya, kuitazama tangu Kyela hadi Tukuyu bila kupepesa, na injini isipoe hata nyuzi moja. Mtume Paulo anafundisha hivyo katika Warumi 3: kwa sheria tunaitambua dhambi, haki yatoka kwingine, kwa neema, katika Kristo. Sheria hutuonyesha kiu. Injili ndiyo maji.

Wapo basi wanaoikimbia sheria kwa kuchomoa balbu. Na wapo wanaokaa chini ya mshale maisha yao yote, wakiogopa, wakijilaumu, wakidhani hofu hiyo ndiyo imani. Katika ziara zetu za nyumbani tumekutana na wote wawili, wakati mwingine chini ya paa moja. Wa kwanza anahitaji kusikia Amri. Wa pili amezisikia vya kutosha. Anahitaji kukumbushwa ubatizo wake.

Ndugu msomaji, balbu za maisha yetu huwa na majina ya watu. Ni mke anayeuliza fedha za kakao zimekwenda wapi. Ni mtoto anayesema, "Baba, mbona siku hizi husali?" Ni mganga wa zahanati anayepima shinikizo la damu na kukunja uso. Ni mjumbe wa kamati anayetaka kuona risiti. Kumnyamazisha mtu kama huyo ni rahisi, na nyumba hutulia kweli kwa muda. Hata Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mwaka 1973, hakwenda peke yake. Pembeni yake aliketi Lofty Drews, akimsomea njia. Dereva asiyetaka kusomewa njia hata bingwa hawi.

Na kama mambo mawili yamekufa kwako kwa wakati mmoja, tuseme sala imekuwa kavu na upendo wa nyumbani umepoa, usianze kwa kupambana na kila moja peke yake. Tafuta kinachoyalisha yote mawili. Kwa wengi tuliokaa nao, kilichokatika kilikuwa kitu kidogo cha nyuma kisichoonekana: Neno lisilosomwa tena, kinyongo cha zamani, Meza ya Bwana iliyokwepwa mwaka mzima.

Ibada yetu inaufuata mpangilio huohuo wa Katekisimu. Tunaanza kwa maungamo, na hatuyafupishi hata tukichelewa. Baada ya maungamo mchungaji hutangaza ondoleo la dhambi kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wengi huinamisha vichwa wakati wa kuungama, na hiyo ni sawa. Lakini tangazo la msamaha linapotoka, inua kichwa ulisikie. Ni lako.