Kidhibiti cha Garimoshi Dogo

Msomaji mpenzi, huenda ukacheka ukisikia kwamba mtu mzima, mwalimu mwenye chaki mkononi, alipata fundisho kubwa mbele ya garimoshi ambalo injini yake haizidi urefu wa rula. Cheka kwanza, kisha unisikilize. Maana jambo dogo aghalabu hubeba jambo kubwa, kama mbegu ibebavyo mti.

Shule yetu ilipewa sanduku kuukuu. Ndani yake mlikuwa na reli za kuunganisha, injini mbili, mabehewa manne na kidhibiti kimoja cha zamani. Mchezo huu ni wa Ulaya kwa asili. Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alianza kuuza magarimoshi yake mwaka 1920, na hata leo wako watu wazima huko wanaotenga vyumba vyao kwa ajili ya reli ndogo. Upana wa reli zetu ulikuwa milimita 16.5, na kila injini ilikuwa sehemu moja ya 76 ya ile ya kweli. Wanafunzi wa chama cha sayansi walizitandaza reli juu ya meza mbili, wakajenga kilima cha vitabu, wakakiita Mau, kwa kuwakumbuka watu waliopitisha reli milimani hata ikafika Kisumu mwaka 1901.

Yafaa ujue kazi ya kidhibiti. Umeme wa ukutani una volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Garimoshi dogo hutaka volti zisizozidi 12, tena umeme uendao upande mmoja tu. Basi kidhibiti huupunguza umeme, huunyosha, kisha huugawa kidogo kidogo kwa kadiri mkono wako unavyozungusha kitufe. Ukiugeuza upande wa umeme, injini hurudi nyuma.

Kidhibiti chetu kilikuwa na jozi mbili za matundu ya nyaya. Jozi moja ilikuwa ya reli. Ya pili ilitoa volti 16 za umeme usionyoshwa, kwa ajili ya kusogeza reli za njia panda. Maandishi yalikuwa yamefifia. Mvulana mmoja, aliyetandaza reli kwa uangalifu kuliko wenzake, aliniambia, “Mwalimu, tafadhali tuyasome kwanza maandishi haya.” Nilikuwa na haraka, na darasa zima lilikuwa likinitazama. Nikachomeka nyaya kwa mkono wangu mwenyewe. Injini haikwenda. Ilitetemeka na kunguruma kama nyuki ndani ya kopo, kisha moshi ukatoka, moshi wa kweli.

Niliona haya, na haya ikanifanya mwongo. Nilimgeukia mvulana yule nikamwambia kwamba reli zake hazikuungwa vizuri. Hakujibu neno. Aliinama akaanza kuzikusanya.

Jioni nilikichukua kidhibiti, nikayasoma maandishi kwa kioo cha kukuzia, nikajua kosa lilikuwa langu. Umeme uendao na kurudi ulikuwa umeivuta mota mbele na nyuma pasipo kuizungusha, na nguvu yote ikageuka kuwa joto. Usiku ule sikulala vema. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa, nikaeleza kosa langu, nikamwomba mvulana yule radhi. Kisha nikamwomba anisaidie kuchagua kidhibiti kipya kwa fedha kidogo tulizopata kwa kuuza sukuma wiki ya shamba la shule.

Hatukununua upesi. Kwanza tuliijaribu injini iliyobaki kwa kidhibiti cha zamani, safari hii kwa matundu ya haki. Ilikwenda, lakini ilipopanda Mau ilichoka, na ilipoteremka ilikimbia ovyo. Mvulana aliuliza sababu, tukaitafuta pamoja. Kidhibiti kile kiliuzuia umeme kwa waya wenye ukinzani. Injini ipandapo mlima huvuta mkondo mkubwa zaidi, na mkondo ukizidi, volti nyingi zaidi hupotea katika waya ule. Kwa hiyo injini hunyimwa nguvu saa ile ile inapoihitaji.

Namna ya pili ni kidhibiti cha transista. Hiki hulinda volti zisiyumbe sana mzigo unapobadilika, kwa hiyo mwendo huwa mtulivu zaidi. Namna ya tatu ni ya kidijitali. Reli huwa na nguvu yote daima, na kila injini hubeba chombo kidogo chenye nambari yake, kipokeacho amri. Hivyo magari mawili huweza kwenda mwendo mbalimbali juu ya reli moja. Ni namna nzuri ajabu, lakini ilitaka chombo hicho kinunuliwe kwa kila injini, nasi tulikuwa na injini moja na mfuko mwepesi.

Mwanafunzi mwingine alitaka kidhibiti chenye ampea nyingi, akidhani gari litakwenda mbio zaidi. Tulimwonyesha kwa ampmita kwamba injini yetu haikuvuta hata nusu ya ampea. Injini huchukua inachohitaji tu. Ampea zinazozidi hungoja bure, na nyaya zikigusana ndizo ziletazo moto. Tulichagua cha transista, cha ampea moja, kinachojikata chenyewe nyaya zikigusana, na chenye maandishi yanayosomeka.

Siku ya kukijaribu, nilimpa mvulana yule kitufe. Injini ilianza polepole, ikapanda Mau bila kuchoka, ikateremka kwa adabu. Alitabasamu, nami nilitazama pembeni kidogo.

Ewe kijana, siku moja utapewa mamlaka juu ya watu au vitu. Usiulize kwanza nguvu yake ni kubwa kiasi gani. Uliza kama yatosha kazi, kama hutulia mzigo unapozidi, na kama hujua kujizuia mambo yanapoharibika. Na akitokea aliye mdogo kwako akakuambia, “Tusome kwanza,” soma.