Inasimamaje?

Nikiwa shule ya msingi nilibandika ukutani picha ya Suzuki Hayabusa. Mama aliiita "kambale mwenye matairi". Hakukosea sana: pua pana, mgongo umebinuka, tumbo lote limefunikwa. Ila umbo lile halikuchongwa kwa ajili ya urembo. Kwenye spidi kubwa adui wako ni hewa, na kila ukizidisha mwendo mara mbili, yenyewe inakusukuma nyuma mara nne.

Jina ni la Kijapani, maana yake kipanga, yule ndege ambaye akilishukia windo lake hupita kilomita 300 kwa saa. Pikipiki ilitoka 1999 na injini ya silinda 4, cc 1298, nayo ikafika hukohuko. Saa yake ya spidi iliandikwa mpaka 350! Ulaya wakaanza kunong'ona habari za marufuku, na watengenezaji wakaelewana kwamba 300 inatosha.

Mwaka jana niliandika makala ndefu kuisifu. Wiki hiyohiyo mdogo wangu, dereva wa bodaboda ya cc 125, alimkwepa mtoto akaingia mtaroni. Alikuwa kwenye 40 hivi. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Nikamsomea makala yangu pale kitandani hospitali, nikidhani nitamchangamsha. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Dada, sasa hilo dude linasimamaje?"

Nikapekua. Breki nilizipa sentensi moja tu: diski 2 mbele, kila moja inabanwa na pistoni 6. Sikuandika kwamba ABS, ile inayozuia tairi lisigande ukibana breki ghafla, Hayabusa iliipata 2013. Miaka 14 baada ya kuanza kukimbia.

"Na yako je?"

"Breki ya nyuma iliisha tangu Jumatatu. Nikasema nikishapeleka hesabu ya bosi, ndio nibadilishe."

Namba zote za pikipiki ya Japani nilikuwa nazo kichwani. Ile aliyopanda mdogo wangu kila siku, sikuwahi kuiuliza chochote.

Amesharudi barabarani, anachechemea kidogo. Hayabusa bado naipenda, sidanganyi. Ila siku hizi nikimpigia simu, hata salamu hazijaisha, namuuliza habari za breki. Anacheka, anasema nimekuwa kama trafiki.