Tunda la Mzabibu na Mikono Iliyolichuma



Wapendwa waamini, juma lililopita tulikuwa Dodoma kwa siku mbili, na padre mwenzetu akatualika kutazama tamasha la zabibu na mvinyo. Tulikwenda kwa shauku iliyochanganyika na aibu kidogo. Tangu tulipopewa daraja tumekuwa tukiinua kikombe altareni na kumshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na kazi ya wanadamu, ilhali mzabibu wenyewe tuliufahamu kwa Injili na kwa picha tu.

Nchi ya Wagogo ni kame. Mvua yake kwa kawaida haizidi milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja. Ni wamisionari walioleta mizabibu huko miaka ya 1950, wakaipanda Bihawana. Aina iliyozoeleka zaidi leo kwa mvinyo ni Makutupora nyekundu, iliyochukua jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Jambo lililotushangaza ni kwamba mkulima akipogoa na kumwagilia vema, huvuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya majira ya baridi huulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, basi mkasi wa mkulima ndio unaouamsha.

Mbele ya uwanja walikaa wenye chupa, muziki ukivuma kupita kiasi, na vijana kadhaa walikwisha kulewa kabla ya adhuhuri, jambo lisilompendeza yeyote. Nasi tulionja. (Dereva hakuonja, msiwe na wasiwasi.) Nyuma kabisa, karibu na uzio, walikuwa wakulima na makreti yao.

Hapo tulimwamkia mama mmoja mzee. Alipoiona kola yetu alikataa shikamoo, akasema yeye kwanza, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Akatusimulia kwamba msimu uliopita mnunuzi alimwambia avune, angekuja Jumanne. Hakuja Jumanne, wala Jumatano.

"Zabibu haina subira, Baba. Mahindi yatakungoja ghalani. Zabibu ukishaikata, jua la siku mbili tu imechacha."

Alizokamua zikawa mchuzi wa zabibu, katika pipa la kuazima. Nyingine alimwagia nguruwe. Deni la nguzo na waya bado analo. Kisha akatuuliza, bila ukali wowote: "Ninyi mapadre, divai ya Misa mnainunua wapi?"

Tulibabaika. Tukamweleza kwamba Kanisa, katika kanuni ya 924, linadai divai asilia ya tunda la mzabibu, isiyoharibika, na kwamba hati Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 inakataza kuichanganya na kitu kigeni. Ni kweli yote, na paroko hawezi kununua popote apendapo. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na yangu imetiwa nini?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwahi kuuliza.

Tuliporejea parokiani tulimwomba mtunza sakristia atuletee chupa ya divai. Maandishi yake ni ya lugha ya kigeni, nayo imevuka bahari. Twatumia chupa nne kwa mwezi. Si nyingi, hazitamlipia mama yule deni lake, na tusijidanganye kuhusu hilo. Lakini usiku ule tulifungua Mathayo sura ya 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Tumeuhubiri mara nyingi, na kila mara tulikimbilia ukarimu wa mwenye shamba. Hatukuwahi kukaa na wale waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja, ambao walipoulizwa kwa nini wamekaa bure walijibu tu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Walikuwa tayari tangu asubuhi, na makreti yao yamejaa, tungesema sisi tuliotoka Dodoma.

Jumatatu tumemwandikia Baba Askofu, tukimwomba atuelekeze iwapo divai ya wakulima wale inaweza kupimwa na, ikithibitika kuwa safi, kutumika altareni. Jibu likifika tutawasomea wakati wa matangazo. Namba ya simu ya mama yule tunayo. Tulimwahidi kumpigia, liwe ndiyo au hapana.

Paroko wenu