Maua ya Jumamosi

Kila Jumamosi jioni sisi akina mama wa kikundi cha altare hufagia kanisa, hutandika vitambaa na kupanga maua kwa ajili ya Misa ya Dominika. Kanisa letu hapa Pemba ni dogo na waamini ni wachache, maana kisiwa hiki karibu chote ni cha ndugu zetu Waislamu, nao ni majirani wema. Hata maua ya altare mara nyingi hutoka kwenye nyua zao. Huyu hutukatia tawi la mrehani, yule hutuchumia asumini, na hatujapata kuulizwa ni ya nini. Wanajua.

Kwa miaka mingi kazi ya maua ilikuwa ya mzee wetu mmoja ambaye sote tunamwita Bibi. Mikono yake ilijua kazi tangu utotoni. Msimu wa karafuu alikuwa akikaa jamvini hadi usiku akichambua, karafuu huku, makonyo kule, na hakuna binti aliyeweza kushindana naye. Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, mpaka vidole vikajikunja na visitake kunyooka tena. Tulimwombea. Kila Ijumaa tulipokutana kwa Rozari tulitaja mikono yake, tukamsihi Bwana aiponye kama alivyomponya yule mtu mwenye mkono uliopooza katika sinagogi.

Haikupona. Jumamosi moja chombo cha maua kikamponyoka, kikavunjika, na maji yakamwagikia kitambaa cha altare ambacho tulikuwa tumetoka kukipiga pasi. Hakuna aliyemkemea. Lakini wiki iliyofuata tulikaa tukaamua, kwa upendo kama tulivyodhani, kwamba Bibi apumzike. Tulimpelekea kanga na kilo mbili za sukari, tukamshukuru kwa utumishi wake, tukamwambia mabinti wataishika kazi. Akasema, "Haya wanangu, nimesikia." Dominika iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa. Baada ya hapo hatukumwona tena kanisani. Tulijiambia ni maumivu.

Ndipo alipopita kwetu padre mgeni aliyewahi kusoma Ujerumani. Alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha za rangi, akatuachia kwa kuwa tuliisifia. Picha za mwanzo zilikuwa za vitu vilivyotulia mezani: matunda, jagi, maua katika chombo. Za mwisho zilikuwa nyuso zenye macho yaliyofumbwa, zilizochorwa kwa mistari minene michache, na ukitazama vizuri paji la uso na pua vinafanya msalaba. Mmoja wetu akauliza kama wachoraji ni wawili. Padre akasema ni mmoja, Alexej von Jawlensky, akaketi kutusimulia habari zake. Tunayoandika hapa ni aliyotueleza yeye na tuliyoyasoma baadaye.

Jawlensky alizaliwa Urusi, katika mji wa Torzhok, mwaka 1864, akalelewa katika Kanisa la Kiorthodoksi lenye ikoni zake. Ukoo wake ulikuwa wa kijeshi, naye akawa ofisa wa jeshi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye rangi. Aliomba uhamisho kwenda St. Petersburg ili apate kusoma uchoraji huku akiwa bado askari, na huko akafundishwa na Ilya Repin, mchoraji mkubwa wa Urusi. Mwaka 1896 aliacha jeshi akahamia Munich, Ujerumani. Miaka yake ya mwanzo kule alichora sana vitu vya mezani. Mchoraji wa namna hiyo hatafuti wafalme wala vita. Anaweka matunda na birika mbele yake, anakaa, anavitazama mpaka ameviona. Jawlensky mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa akitafuta tufaha lenyewe, bali kile kilichokuwa kikitikisika ndani yake alipolitazama.

Hatusemi alikuwa mtakatifu. Mwaka 1902 alizaa mtoto nje ya ndoa na binti aliyekuwa mtumishi wa nyumba, na akamwoa mama wa mtoto huyo miaka 20 baadaye. Padre hakutuficha hilo, nasi hatuoni sababu ya kulificha.

Vita vilipoanza mwaka 1914, yeye kama Mrusi akahesabiwa adui katika nchi aliyoishi miaka 18. Ilimbidi aondoke upesi na kuacha karibu kila kitu. Akakimbilia Uswisi, katika kijiji cha Saint-Prex kando ya Ziwa Geneva. Nyumba ilikuwa ndogo, naye alikuwa na kichumba chenye dirisha moja. Basi akachora kilichoonekana dirishani: njia, miti michache, anga. Akachora tena, na tena, kwa miaka, dirisha lile lile.

Mwaka 1921 alirudi Ujerumani akakaa Wiesbaden. Tangu mwaka 1929 baridi yabisi ikaanza kumkunja mikono. Serikali ya Hitler nayo ikamkataza kuonesha kazi zake mwaka 1933, na mwaka 1937 ikazitoa picha zake 72 kwenye makumbusho ya Ujerumani. Wakati huo huo mikono yake ilikuwa ikizidi kufunga. Ndipo, tangu mwaka 1934, alipochora zile nyuso alizoziita Tafakari, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa ndogo kama ukurasa wa daftari. Alishika brashi kwa mikono miwili, kwa maumivu makali, na mistari ikawa ile tu ambayo mikono hiyo iliweza. Kwake kuchora kulikuwa kumtamani Mungu. Na katikati ya nyuso hizo alirudi kuchora maua katika chombo, kama alivyofanya zamani. Rafiki mmoja, Lisa Kümmel, alikuwa akimsaidia, akaandika hata kumbukumbu za maisha yake alizozitamka kwa mdomo. Kufikia mwaka 1938 hakuweza kuchora kabisa. Alifariki tarehe 15 Machi 1941, akazikwa katika makaburi ya Warusi huko Wiesbaden.

Padre alipomaliza tulikaa kimya. Kisha mmoja wetu akasema, "Kwa hiyo huyu hakuponywa."

Hakuponywa. Wala Mtume Paulo hakuondolewa mwiba wake, ingawa aliomba mara tatu. Habari hiyo tumeisoma mara nyingi, na tulipoisoma tulikuwa tukidhani inamfundisha mgonjwa kuvumilia. Siku ile tuliiona upande wa pili, upande wa waliomzunguka mgonjwa. Paulo aliendelea kutumwa na mwiba wake. Makanisa hayakumwambia akae nyumbani mpaka apone. Na mzee yule wa Wiesbaden alinyang'anywa maonesho na serikali, lakini waliokaa naye karibu hawakumnyang'anya brashi.

Sisi tulikuwa tumefanya nini? Tulimwomba Mungu ampe Bibi mikono mipya, na kwa sababu haikuja, tukaihesabu ile ya zamani kuwa imekwisha. Vidole vilikunjwa na ugonjwa. Maua tulimnyang'anya sisi. Na tukiwa wakweli, haikuwa huruma tupu. Tulikionea huruma kitambaa pia. Tulitaka altare ipendeze, na mikono iliyokunjika ilitupa haya mbele ya wageni. Tulisahau kwamba altare yenyewe ni meza yenye vitu vilivyotulia, mkate, divai na mshumaa, na anayevitukuza vitu hivyo si sisi tunaovipanga.

Jumatano ile ile tulikwenda kwake.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni wanangu."

Tulikaa jamvini. Tulikuwa tumepanga maneno, lakini yalitupotea njiani. Aliyetangulia kusema alisema tu kwamba tumekuja kuomba radhi kwa habari ya maua. Bibi akainamisha macho akaitazama mikono yake. Akasema, "Mlimwomba Mungu aninyooshe vidole. Mimi hamkuniuliza kama hivi vilivyokunjika bado vinaweza kitu." Hatukuwa na jibu. Akatumimina chai mwenyewe, birika akilikumbatia kwa viganja viwili, na chai nyingine ikamwagika sahanini. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, na ilikuwa kazi kubwa kwetu kutonyanyuka.

Hakurudi Jumamosi ile. Wala ya pili yake. Tulianza kuhofu kwamba tumechelewa. Jumamosi ya tatu tulimkuta amekwishafika kabla yetu, amekaa kwenye kizingiti cha kanisa, na mrehani umefungwa kwenye pembe ya kanga ile tuliyompa.

Sasa Bibi hutumia kopo la bati, maana halivunjiki likianguka. Hushika kijiti kimoja kwa viganja viwili, kama anayesali, akakitia. Kisha hupumzika. Kisha kingine. Kazi aliyokuwa akiimaliza kwa dakika kumi humchukua saa nzima, na mara nyingi humaliza na vijiti vitano tu, sita. Mabinti humtekea maji na kumshikia kopo, naye huwafundisha: asumini isibanwe, mrehani ukae nyuma. Tumeshona kitambaa cha pili cha altare, ili maji yakimwagika tubadilishe bila mtu kuguna.

Kuna Jumamosi maumivu humzuia kugusa chochote. Hukaa tu mbele, akamwelekeza binti kwa kidevu: hapo, sogeza, basi. Twajua siku itakuja ambayo hata hilo halitawezekana, kama ilivyomjia mchoraji yule. Siku hiyo tutakwenda kumuuliza ni kipi kilichobaki, na tutasubiri atujibu.

Kila Ijumaa bado tunaitaja mikono yake katika Rozari, maana Bwana ndiye anayejua, na hatujaacha kuomba uponyaji. Ila tumeongeza ombi jingine: atusamehe wote tuliowapumzisha bila kuwauliza, atufumbue macho tuwaone. Nasi twakuomba wewe unayesoma haya, katika jumuiya yako au nyumbani kwako, umfikirie mzee aliyehamia benchi la nyuma. Nenda kamsalimie. Ukifika, muulize.