Karungu: Safari ya kuipima injini kongwe

Msomaji, ukitaka kuujua ukubwa wa Ziwa Victoria usiende Kisumu, kwa maana mji huo umejificha ndani ya ghuba. Nenda Karungu. Ukisimama ufuoni Sori, kaunti ya Migori, maji yanakwenda mpaka yanakutana na mbingu, na upande wa kaskazini milima ya Gwasi, iliyo katika kaunti ya Homa Bay, inasimama kama ukuta. Asubuhi akina mama wanaanika omena juu ya nyavu, na harufu yake inakupokea kabla hujashuka kwenye matatu.

Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya samaki, au kumjulia hali mgonjwa katika hospitali ya misheni ya St. Camillus. Mimi na mpwa wangu tulikwenda kupima injini ya kusagia unga.

Naona unacheka. Hata mamake kijana huyo alicheka, kisha akauliza nauli itatoka wapi.

Mpwa wangu anasomea ufundi jijini Nairobi. Jioni, badala ya kuzurura mitaani, huketi na kipakatalishi chake akichora magari na injini za zamani. Si michoro ya kalamu. Kila kipande hukichora peke yake kwa vipimo vyake, nati kwa nati, kisha huviunganisha vikawa kitu kimoja ambacho unaweza kukigeuza pande zote, ukakifungua na kutazama ndani kikizunguka. Watu wa namna yake wamejaa Ulaya na Marekani, na wengi wao hakuna anayewalipa. Hutumia programu kama Blender, iliyoanzia Uholanzi katika miaka ya 1990 na ambayo tangu mwaka 2002 hutolewa bure kwa yeyote.

Alianza na Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha akahamia kwenye injini ya Lister, na hapo ndipo alipokwama. Picha alizokuwa nazo zilionyesha mwili wa injini kwa nje tu. Nikamkumbuka mzee mmoja wa Karungu, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyekuwa na kisiagi. Nikampigia simu.

"Ipo," akanijibu. "Lakini kama mnaitaka, njooni upesi. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja Jumatano."

Tulisafiri usiku huo huo.

MNGURUMO WA MACALDER

Kutoka Migori mjini tulipanda matatu ya kwenda Sori kupitia Macalder. Jina hilo ni la mgodi wa enzi za ukoloni, uliotoa dhahabu na shaba. Kampuni kubwa ilikwisha kuondoka, lakini wachimbaji wadogo wangali wanashuka mashimoni na kupandisha mawe yenye dhahabu, ambayo husagwa kwa vinu vya chuma. Dereva aliposimama kushusha abiria, mpwa wangu alitoa kichwa dirishani.

"Mjomba, sikiliza! Ndiyo hiyo hiyo!"

Nyuma ya vibanda vya mabati injini ilikuwa ikinguruma taratibu, tuku, tuku, tuku, ikizungusha kinu cha mawe. Huenda ilikuwa Lister yenyewe, huenda ilikuwa mojawapo ya zile zinazoigizwa mjini Rajkot, India. Kwa sikio hazitofautiani sana.

Injini hiyo, msomaji, imelisha Afrika Mashariki. Ilianza kutengenezwa zamani za kati ya vita viwili vya dunia katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza, na kiwanda chake hakikuiacha mpaka mwaka 1987. Ina silinda moja tu. Ile ya nguvu za farasi sita ina tundu la silinda lenye upana wa milimita 114 hivi, na pistoni yake hupanda na kushuka milimita 140. Huzunguka mara 650 tu kwa dakika, mwendo wa kobe ukiulinganisha na injini ya gari. Ubavuni imebeba magurudumu mawili mazito ya chuma, ambayo mafundi huyaita flaiwili. Haitaki betri wala umeme. Kwa sababu hiyo ilifika vijijini miaka mingi kabla ya nguzo za umeme.

JADUONG' NA KISIAGI CHAKE

Tulimkuta Jaduong' ameketi kwenye kiti mlangoni pa kibanda chake. Tukamwamkia, tukaketi, tukala ugali na ngege kabla ya neno lolote la injini kutajwa. Ndiyo desturi.

Kisha akatufungulia. Ndani mlikuwa na giza, na kuta zilikuwa bado na weupe wa unga wa miaka mingi. Injini ilikuwa imesimama kwenye saruji, kibati chake kimeandikwa Dursley, England. Ilikuwa imenyamaza tangu jirani mmoja alipoleta kisiagi cha umeme kule sokoni.

"Wateja walihama na gorogoro zao," akasema. "Siwalaumu. Umeme hautoi moshi." Akaeleza kwamba mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, alidhani injini yake imepona. Lakini marufuku ile iliondolewa mwaka huo huo, na sasa mjukuu wake alikuwa akidaiwa karo. Chuma kile kingeuzwa kwa kilo.

Tulifanya kazi siku mbili. Kwa kuwa injini ilikuwa ya kuuzwa, Jaduong' aliruhusu tuifungue. Mimi nilishika taa na kuandika, kijana akapima kwa kalipa na tepu: upana wa kila tundu, unene wa kila ukingo, umbali wa bolti hii na ile. Watoto wa mtaa walijaza mlango. Kila kipande kilichosafishwa kilipigwa picha, kikapewa nambari.

Siku ya pili mpwa wangu alifungua kipakatalishi ili amwonyeshe mzee mchoro alioufanya Nairobi kwa kukisia. Injini ikazunguka kwenye kioo, ikang'aa kama mpya. Watoto wakapiga makofi. Jaduong' aliitazama kwa muda, akasogeza kiti karibu, akaitazama tena.

"Hii yenu inapumua kila mzunguko," akasema. "Itapata wapi nguvu?"

Kijana hakuelewa. Mzee akamwita kwenye injini, akamwonyesha gia mbili, ndogo ya krankishafti na kubwa ya kamshafti inayofungua valvu. Kubwa ina meno mara mbili ya ndogo. Maana yake krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Pistoni inashuka kuvuta hewa, inapanda kuibana, inashuka kwa mlipuko wa dizeli, inapanda tena kufukuza moshi. Ni mizunguko miwili kwa mlipuko mmoja. Katika mchoro wa mpwa wangu gia zote mbili zilikuwa sawa, hivyo valvu zilifunguka wakati wa mlipuko na nguvu yote ikatokea nje. Ilikuwa injini nzuri ya kutazamwa, lakini isingesaga hata kikombe cha mtama.

Baada ya hapo kijana aliacha kupima na kuanza kuuliza. Jaduong' alisimama, akashika hendeli isiyokuwepo, akamwonyesha namna ya kuiwasha: unafungua valvu kwanza ili silinda isibane hewa, unazungusha mpaka flaiwili zishike kasi, kisha unaiachia valvu na kuichomoa hendeli haraka isije ikakuvunja mkono. Akasema pia kwamba mwenye kisiagi huisikiliza injini yake hata akiwa amelala. Mambo hayo hayapimwi kwa kalipa.

UFUONI JIONI

Jioni ya mwisho tuliteremka ziwani. Nilimsimulia mpwa wangu habari za meli Winifred, iliyoundwa Paisley, Scotland, mwanzoni mwa karne iliyopita. Iliunganishwa kwa bolti kule, ikafunguliwa vipande vipande, kila kipande kikatiwa alama, vikapakiwa mpaka Mombasa na kuletwa Kisumu kwa reli, kisha ikaundwa upya. Septemba 1914, vita vilipoanza, Winifred ilileta askari hapa Karungu, ikakuta meli ya Wajerumani iitwayo Muansa na kulazimika kurudi nyuma kwanza.

"Kumbe vipande vyenye alama ni kazi ya zamani," akasema kijana.

Ni ya zamani kweli. Na Karungu imezoea wageni wenye tepu. Mwaka 1911 Felix Oswald alifika hapa kuchimbua mifupa ya kale kwa niaba ya makumbusho ya Uingereza, ikiwemo ya mnyama wa jamii ya tembo aliyekuwa na pembe zilizopinda kuelekea chini. Mifupa hiyo ilikwenda London.

Labda Jaduong' alikuwa na mawazo kama hayo tulipokuwa tukiaga, kwa maana alituuliza, "Na mkishaichora, mimi mtaniachia nini?"

Mpwa wangu alikosa jibu. Aliniangalia, nami nikatazama chini. Mwishowe mzee akajijibu mwenyewe: mchoro uletwe kwa karatasi kubwa utundikwe kibandani, na chini yake paandikwe kwamba injini hiyo ilikuwa ya Karungu.

Jumatano mnunuzi alikuja. Injini ilivunjwa kwa nyundo palepale, ikapakiwa kwenye lori. Karo ikalipwa.

Mchoro ulichukua miezi miwili. Tuliupeleka kwa karatasi kama tulivyoagizwa, na mjukuu akapokea kwa simu picha zinazotembea, injini ikizunguka na kunguruma kwa sauti ambayo mpwa wangu aliirekodi pale Macalder. Siku hiyo hiyo Jaduong' akapiga simu. Nilidhani anataka kushukuru.

"Gia ni sawa," akasema. "Lakini mwambie kijana amesahau mkebe niliouweka juu ya bomba la moshi. Ndio uliokuwa ukipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya pili wajue nimefungua. Hiyo sauti si yangu."

Kijana ameongeza mkebe. Nanyi wanafunzi, mkienda kwa babu zenu likizo hii, bebeni tepu ya kupimia, kwa maana mnunuzi wa vyuma naye yu njiani.