Kamera Isiyolala Usiku

Jumatatu, 3 Machi 2025

Maji ya bamvua yamefika. Siku hizi hujaa sana alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ndiyo maana tuliweka kamera ndogo kwenye gati la Bandari ya Kale, ipige picha ubao wa vipimo kila robo saa, alfajiri hadi magharibi. Usiku ilale. Kwa mpango huo paneli ya jua na betri moja vinatosha.

Leo baada ya swala ya alfajiri nimeikuta imezimika, betri tupu. Ami, nahodha wa zamani anayekaa barazani hapo karibu, ameniuliza: "Mwanangu, hicho chombo chenu chalala kweli usiku?"

Sijapata la kumjibu.

Jumatano, 5 Machi, baada ya tarawehe

Nimeileta nyumbani Kibokoni na kuifungua mezani. Kihisi ni IMX219 cha Sony, megapikseli 8. Hula umeme kwa njia tatu: volti 2.8 kwa sehemu ya analogi, 1.2 kwa saketi za kidijitali za ndani, 1.8 kwa mawasiliano yake na bodi ya kompyuta. Kiendeshi, yaani programu inayokiongoza kihisi, huwasha njia hizo, hukipa kihisi mapigo ya saa ya megahezi 24, huachilia waya wa riseti, kisha husubiri milisekunde 6 na ushei. Hapo ndipo kinaweza kuulizwa namba yake ya utambulisho, nacho kikajibu 0219. Kuzima ni kuyatengua yote hayo.

Nimepiga picha, nikasimamisha, nikagusa njia ya volti 2.8 kwa multimita. Sifuri. Nikarudia, sifuri tena. Mezani inalala vizuri. Lazima kuna jambo linalotokea gatini tu.

Ijumaa, 7 Machi

Maji mafu. Nimekaa na utepe wa kamera chini ya kioo cha kukuzia. Hewa ya chumvi imeotesha ukijani kwenye vijino vya soketi, kwa hiyo mara mojamoja kihisi kikiitwa kwenye waya za I2C, zinazokipelekea amri, hakiitikii. Picha moja hukosekana, ya robo saa inayofuata hupatikana. Hilo tulilijua na tukalivumilia. Hatukujua kosa hilo linaacha nini nyuma yake.

Nimefungua msimbo wa kiendeshi kilichokuja na bodi. Linux husimamia umeme kwa hesabu: mfumo wa regyuleta (vidhibiti volti) uliingia kwenye keneli mwaka 2008, na mwaka uliofuata ukaja ule wa Rafael Wysocki wa kulaza kifaa kisichotumika huku kompyuta ikiendelea na kazi. Anayehitaji umeme huongeza moja, akimaliza hupunguza moja, na umeme hukatwa hesabu ikifika sifuri. Ni kama taa ya ngazi katika nyumba zetu za ghorofa, huzimwa na anayetoka mwisho.

Humu, kazi ya kuanzisha picha huongeza hesabu na volti zote huwaka. Kisha huandika rejista za kihisi kupitia I2C. Uandishi ukishindwa, kazi hurejesha kosa na kuondoka bila kupunguza ile moja. Robo saa ijayo inaongezwa moja na kupunguzwa moja, lakini ile iliyosahauliwa inabaki. Kosa moja la saa nne asubuhi linatosha kuwasha kihisi usiku kucha.

Si kiendeshi hiki peke yake. Amri ya pm_runtime_get_sync huongeza hesabu hata kuamka kwenyewe kukishindwa, na viendeshi vingi vilinaswa hapo. Mwaka 2020 ikaongezwa pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa hurudisha ilichochukua, na mwaka 2021 viendeshi vingi vya kamera vikahamishiwa kwayo.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanga upya njia za kutokea za kazi ya kuanzisha picha. Kila kosa baada ya kuamka sasa linaelekezwa mahali pamoja, penye pm_runtime_put, inayopunguza hesabu. Kisha nimelazimisha uandishi wa rejista ushindwe kwa makusudi. Kwa msimbo wa zamani sindano ya multimita ilikwama kwenye 2.8, kwa mpya ikaanguka papo hapo.

Soketi nimeisafisha kwa spiriti. Chumvi itarudi, hapa ni pwani.

Jumapili, 16 Machi

Bamvua ya mwezi mpevu. Kamera iko gatini tangu Jumatatu, na kila alfajiri betri ina akiba. Katika kumbukumbu kuna makosa ya I2C, na baada ya kila kosa umeme umekatwa. Ami nimemjibu: chalala.

Marekebisho nimewatumia waliotuuzia bodi, maana ziko nyingine kama hii zinazokausha betri za watu. Tena nimejiwekea utaratibu: kiendeshi chochote nitakachopokea, nitaanza kukisoma pale kazi inaposhindwa. Njia ya kufaulu hujaribiwa kila siku na kila mtumiaji. Njia ya kushindwa haina wa kuijaribu ila mwandishi wake, na umeme uliochukuliwa ni amana hata kama picha haikupatikana.