Wiki Moja Kabla ya Moto

Kwa anayesafiri kwa basi, njia ya Bukoba hadi Namugongo haina ugumu. Unavuka mto Kagera pale Kyaka, unagongewa mhuri Mutukula, unaipita Masaka, unavuka Ikweta pale Kayabwe, na jua likizama uko Kampala. Nilikuwa sijawahi kuisafiri. Tuliondoka na wanaparokia wenzangu siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, akina mama wakiongoza rozari tangu gari lilipowashwa.

Baada ya Masaka tukaanza kuwapita wanaotembea. Walikuwa makundi kwa makundi, msalaba mbele, magodoro yamekunjwa kichwani, vumbi hadi magotini. Wengine hutembea kutoka Kenya, wengine huanzia kwetu Tanzania. Ndani ya basi sala ilisimama kidogo, watu wakawapungia mikono.

Mzee aliyekaa kando yangu ni katekista, na yeye alishakwenda huko kabla. Aliniambia, "Mwanangu, wengi wanakuja kuona mahali pa moto. Mimi ninakuja kwa ajili ya ile wiki."

"Wiki ipi, Baba?"

"Wiki waliyongoja kuni zikusanywe."

Habari ya vijana wale waliochomwa kwa ajili ya imani nilifundishwa utotoni, lakini wiki hiyo nilikuwa nimeipita bila kuiona. Mwishoni mwa Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alikuwa na hofu ya Wazungu waliokuwa wakinyakua ardhi ya pwani, na alikuwa na hasira na watumishi wake vijana waliomkatalia matakwa yake ya mwili kwa sababu ya imani. Aliwaita barazani, akaamuru wanaosali wajitenge wasimame upande wao. Karoli Lwanga, mkuu wao, alitangulia, wenzake wakamfuata. Kizito, mvulana wa miaka kama 14, alikuwa amebatizwa na Lwanga usiku uliotangulia.

Kisha wakatembezwa hadi Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Waliofika walifungwa pingu za miguu na miti ya shingoni, wakawekwa wangoje. Kwa takriban juma zima wauaji walikusanya kuni na matete, nao wafungwa wakijua kinachoandaliwa ni cha nani. Neno moja tu la kuikana imani lingetosha kuwatoa. Mbaga Tuzinde, mmoja wao, alikuwa ndugu wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, aliyemlea nyumbani mwake kama mwanawe. Alibembelezwa na jamaa zake, akabembelezwa na Mukajanga mwenyewe, akakataa. Mukajanga aliamuru apigwe rungu shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai.

Kwangu hapo ndipo uzito wote ulipo. Katika tukio la ghafla, mtu anaweza kubebwa na joto la saa ile au na macho ya wenzake. Juma zima ni kitu kingine. Unaamka, una njaa, pingu zinakuchubua, mama yako analia mahali fulani, na ahadi uliyoitoa inabidi uitoe upya kabla jua halijachomoza. Tunajua jinsi walivyosali pamoja na kutiana moyo kwa sababu watatu waliachiliwa dakika za mwisho, mmoja wao Denis Kamyuka, wakaishi kutoa ushahidi.

Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Altare ya basilika ya Namugongo iko mahali hapo. Jengo lenyewe, lililozinduliwa mwaka 1975, lina umbo la nyumba ya msonge, na nguzo 22 za shaba zinalizunguka, moja kwa kila shahidi Mkatoliki aliyetangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Nilitembea pia hadi eneo la Kanisa la Anglikana, mwendo mfupi tu, kwa maana Waanglikana waliteketezwa pamoja na Wakatoliki, na wao wanawakumbuka mashahidi wao 23. Watatu wa kwanza kati yao waliuawa Januari 1885 kule Busega, na inasimuliwa kwamba waliimba wimbo wa Kiswahili. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Lugha ninayosalia ilikuwa midomoni mwao.

Nimeshasikia mahubiri mengi yanayowafanya vijana hawa mashujaa wa kuzaliwa. Sikubali. Walifundishwa. Wamisionari wa Afrika walidai miaka minne ya ukatekumeni kabla ya ubatizo, na padre alikuwa radhi kumwambia mtu asubiri. Mwishoni mwa 1882 mapadre hao waliondoka Buganda, wakakaa kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Mwanza, na kwa karibu miaka mitatu waamini walifundishana wenyewe. Mathias Kalemba, mtu wa cheo, alibaki na mke mmoja kwa ajili ya ubatizo, miaka kabla hajakatwa mikono na miguu na kuachwa afe. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mwenzao katika imani, alipouawa Novemba 1885, Lwanga na wenzake walikimbilia misheni papo hapo kuomba maji ya ubatizo. Waliona bei, ndipo wakaharakisha.

Njiani kurudi mazungumzo yalikuwa haya haya. Katekista alisema ataomba muda wa mafundisho ya kipaimara urefushwe parokiani. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka.

"Baba Katekista, wanangu wanasoma shule ya bweni. Wasimamizi wameshapatikana, nguo zimeshashonwa. Utawafundisha saa ngapi?"

"Likizo, Mama."

"Na wakishindwa?"

"Watasubiri mwaka mwingine."

Basi zima likaanza kusema kwa pamoja. Akina baba wawili walimuunga mkono, akina mama wengi walimpinga, na mimi nilimwambia yule mama kwamba niko upande wa mzee, hata kama mtoto atakayesubirishwa ni wa kwangu. Tulipofika Mutukula kupanga foleni ya mhuri, alikuwa bado anabishana nami, na kwa hoja nzuri.